Uzi maalumu: Watunzi wakongwe wa muziki wa filamu, tuwaenzi wangali wanasikia

#1 – Mleta uzi

Wakuu salamu. Uzi ni mrefu, anayetaka kusoma harakaharaka bora ausubirishe mpaka atulie.

Nataka tuongelee watu ambao miziki yao tunayo vichwani tangu utoto ila wakipita mbele yetu hatuwajui hata kwa sura. Watunzi wa muziki wa filamu, na hasa wale wazee waliokaa kwenye hiyo kazi miaka 40, 50, 60 na kuendelea. Steringi tunamjua, adui tunamjua, dairekta tunamjua siku hizi, ila yule aliyefanya moyo uende mbio kabla hata adui hajatokea hatumtaji kabisa. Na wenye mamlaka ya kuwapa heshima nao wanachelewa, tena wakija wanakuja na kitu kilekile kimoja, sanamu, makofi, watu wanasimama, basi imeisha hiyo. Kwangu mimi kumuenzi mtunzi ni kupiga kazi zake, hata zile ambazo filamu yake ilidoda, yeye akiwa bado ana uwezo wa kukaa kwenye kiti na kusikiliza, na pia kutunza makaratasi yake ya noti yasiishie jalalani. Yote mengine ni nyongeza.

Nianze na Ennio Morricone. Kazaliwa Roma 1928, baba yake mpiga tarumbeta, na yeye akaanzia kwenye tarumbeta hiyohiyo, akasoma konsavatori (chuo cha muziki) ya Santa Cecilia chini ya Goffredo Petrassi. Filamu ya kwanza kubeba jina lake ni ya 1961, na kuanzia hapo mzee hakupoa tena, kazi zaidi ya 400 za sinema na televisheni, anaandika kwa mkono mezani bila kugusa piano maana okestra nzima ilikuwa inalia kichwani mwake kwanza. Dairekta Sergio Leone walisoma naye shule ya msingi, na kwenye Once Upon a Time in the West ya 1968 muziki uliandikwa kabla filamu haijapigwa, ukawa unachezwa palepale wanapopigia picha, waigizaji wanatembea kwa kufuata muziki. Dairekta anafuata mtunzi! Nitajieni mara ngapi mmeona hiyo.

Sasa njooni kwenye tuzo. Oscar aliteuliwa mara tano, akakosa zote tano, ikiwemo ya The Mission ya 1986 ambayo mpaka kesho okestra duniani kote zinaipiga, ikashinda Round Midnight ambayo ndani yake kulikuwa na nyimbo kibao zilizokuwepo tayari, na mzee mwenyewe alilalamika waziwazi kwamba hiyo haikuwa sawa. 2007 wakampa ya heshima, ana miaka 78, mwigizaji Clint Eastwood kasimama pembeni anamtafsiria maana aliongea Kiitaliano. Watu wakajua ndo basi tena. 2016 akaja kuchukua ile ya ushindani kwa The Hateful Eight, ana miaka 87. Miaka 55 tangu ile filamu ya kwanza. Akafariki Julai 2020.

Mimi namshukuru Mungu aliyaona hayo akiwa hai. Ila kuna waliokosa kabisa. Mtunzi Alex North aliteuliwa mara 15 hakushinda hata moja, mwaka 1986 wakampa ya heshima, mtunzi wa kwanza kabisa kupewa ya aina hiyo, akafariki 1991. Huyu ndiye aliyeandika muziki wa 2001: A Space Odyssey ya 1968, akajichosha mpaka akaugua, ukarekodiwa, afu dairekta Stanley Kubrick akauweka pembeni wote akatumia muziki wa watunzi wa zamani, na North hakuambiwa, aligundua alipokwenda kuangalia filamu ikiwa tayari imekamilika. Jamani. Mtu umekaa kwenye ukumbi unasubiri kazi yako ianze kulia, dakika zinaenda, haiji. Muziki ule ulikuja kurekodiwa vizuri 1993 na rafiki yake Jerry Goldsmith, naye mtunzi, yeye North keshazikwa.

Naomba wadau mchangie, kila mtu na mzee wake.

#2 – Mdau

Mkuu uzi mtamu. Mimi mzee wangu ni John Williams na sihitaji kujieleza sana, alizaliwa 1932, baba yake mpiga ngoma wa jazz, na kabla hajawa jina kubwa alikuwa mpiga piano wa studio anawapigia wenzake, ule muziki wa Henry Mancini wa tamthilia ya televisheni Peter Gunn ya 1958 piano ni yake. Tunapenda kusema mtu amezaliwa na kipaji tukasahau kwamba huyu kakaa kwenye kiti cha mpigaji miaka na miaka anasoma noti za wengine, ndo maana akija kuandika hakuna ala anayoiandikia kwa kubahatisha.

Kateuliwa Oscar mara 54, kachukua 5, na anayemzidi kwa kuteuliwa ni Walt Disney tu mwenye 59. Mara ya mwisho kuteuliwa ni 2024 akiwa na miaka 91. Bado penseli na karatasi.

#3 – Mdau mwingine

Nakazia ya Williams na niongezee ile ya Jaws 1975. Alipompigia dairekta Spielberg zile noti mbili kwenye piano jamaa akacheka akidhani anataniwa. Noti mbili tu! Sasa wakati wa kupiga filamu yule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara, kwa hiyo sehemu kubwa ya filamu papa haonekani, na kinachomwakilisha ni muziki. Ukizisikia unajua yupo hata kama maji yametulia, tena mzee alikuwa mwaminifu, wale watoto wanaofanya utani wa papa wa bandia muziki haupigi kabisa, kwa hiyo masikio yako yanajua ukweli kabla ya macho. Huo ni uandishi wa hadithi sio kupamba.

#4 – Mdau

Mimi natofautiana kidogo na mleta uzi, naomba nisirushiwe mawe. Nimekua nikisikia kwamba muziki mzuri wa filamu ni ule ambao huusikii, yani unafanya kazi yake chinichini. Kama ni hivyo basi mtunzi ni fundi kama mafundi wengine, kuna mpiga picha, kuna mhariri, kuna wa taa. Kwanini huyu mmoja apigiwe okestra jukwaani? Na hizo kazi 400, hivi kweli zote ni za kuenziwa? Mtu akiandika nyingi hivyo si lazima nyingine ziwe za kujirudia?

#5 – Mleta uzi

Mkuu hakuna mawe hapa, swali la maana kabisa.

Hilo la kwanza silikubali. Psycho ya 1960: dairekta Hitchcock alitaka ile sini (tukio) ya bafuni ipite bila muziki wowote, mtunzi Bernard Herrmann akaandika vilevile, vayolini zinapiga kelele kama zinachanwa, Hitchcock aliposikia akabadili mawazo. Filamu nzima ni nyuzi tupu, hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe na yeye akataka sauti nayo iwe ya rangi hiyo moja. Hebu niambie huo nao huusikii? Na muziki huo haukuteuliwa hata kuwania Oscar. Au Ran ya dairekta wa Japan Kurosawa ya 1985, muziki wa Toru Takemitsu, ile sini ngome inavamiwa, watu wanakufa, moto, mishale, na sauti zote za vita zimezimwa, unasikia okestra peke yake ikilia taratibu mpaka mlio wa bunduki unapokatisha. Pale muziki ndio unaoongea, picha inasikiliza. Kuna filamu zinahitaji muziki wa kujificha sawa, ila kusema ndo kanuni ya kazi yote ni kuwaonea.

La pili nakubaliana na wewe nusu. Ndiyo, mwenye kazi 400 anajirudia, Morricone ana vipande vinavyofanana kama mapacha. Lakini hawa watu hawakuwa wanasubiri msukumo wa moyo, wanapewa filamu Jumatatu na tarehe ya kurekodi imeshapangwa. Goldsmith alipewa Chinatown 1974 baada ya muziki wa mtunzi mwingine kutupwa, akapewa siku 10. Siku kumi! Akachagua tarumbeta moja, nyuzi, piano nne, vinubi vinne na wapigaji wawili wa ala za kugonga, basi, na hiyo ikawa moja ya kazi zinazosomwa na kila anayetaka kuwa mtunzi. Huwezi kufanya hivyo kwa siku kumi kama hukuwa umeshaandika kazi kibao ambazo hakuna anayezikumbuka, nyingi za televisheni. Zile za kujirudia ndizo zilizomfundisha mkono. Ndo maana nikasema tuzipige hata hizo.

Goldsmith mwenyewe kateuliwa mara 18, kashinda moja tu, The Omen ya 1976.

#6 – Mdau (napiga vayolini)

Nimeona niingie maana wengi hawajui siku ya kurekodi inakuwaje, na bila kujua hilo huwezi kuelewa kwanini hawa wazee wanaheshimiwa na wapigaji kuliko hata wanavyoheshimiwa na watazamaji.

Kwanza mtunzi anakaa na dairekta wanaangalia filamu yote, wanakubaliana muziki uanze wapi uishe wapi, kwa sekunde. Mara nyingi filamu inakuja tayari imewekewa muziki wa kuazima ili mhariri apate mdundo wa kukatia, na hapo ndo balaa linapoanzia kwa sababu dairekta ameshausikia huo wa kuazima wiki nzima akauzoea akaupenda, sasa mtunzi anaambiwa andika kitu kipya ila kiwe kama hiki. Hicho ndicho kilichomkuta North kwa Kubrick kama mleta uzi alivyoeleza. Kisha anaandika, afu wanabadilisha uhariri, wanakata sekunde nne katikati, na kipande chake chote kinapinda, anaandika upya usiku.

Siku ya kurekodi sisi wapigaji noti tunazikuta kwenye stendi asubuhi ileile. Hakuna mazoezi ya wiki. Unavaa spika ya sikio moja, unasikia tiki tiki tiki ya kukuwekea kasi, mbele ya muongoza okestra kuna skrini picha inakwenda, na kipande cha dakika mbili lazima kiishe pale mlango unapofungwa, sio kabla sio baada. Saa za studio zinahesabiwa kwa hela. Mtunzi mchanga akikutana na sehemu isiyokaa anachanganyikiwa, mkongwe anasimama, anasema tarumbeta ya pili nyamaza hapo, vayolini shusheni, tunaenda tena, na inakaa. Hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote.

Mambo haya ya tiki na kupima muziki kwa fremu yalikuwepo tangu enzi za Max Steiner, yule mzee wa Vienna aliyezaliwa 1888 na akaandika King Kong ya 1933, ambapo ndipo Hollywood ilianza kuamini kwamba filamu ya sauti inaweza kubeba muziki wa okestra ulioandikwa kwa ajili yake mwanzo mwisho. Kazi zaidi ya 300. Sisi wote tunaishi kwenye nyumba aliyoijenga.

#7 – Mdau

Dah, comment #6 imeniongezea heshima kwa kila mpigaji. Asante sana.

#8 – Mdau (dada)

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma mpaka hapa sijaona jina la mwanamke hata moja kwa hiyo naleta mimi.

Elisabeth Lutyens wa Uingereza, kazaliwa 1906, alikuwa mtunzi wa muziki mgumu wa kisasa ambao haukumlipa, akawa anaendesha maisha kwa kuandika muziki wa filamu za kutisha, na aliandika vizuri kweli. Shirley Walker wa Marekani, huyu aliongoza okestra kwenye Batman ya 1989 ambayo muziki wake ni wa Danny Elfman, miaka mingi akawa anawasaidia wanaume kupanga na kuongoza muziki wao, na 1992 ndo akapata filamu ya studio kubwa jina lake likaandikwa peke yake, moja ya mara za mwanzo kabisa kwa mwanamke pale Hollywood. Alifariki 2006. Na Rachel Portman, mwanamke wa kwanza kushinda Oscar ya muziki wa filamu kama mtunzi peke yake, kwa Emma ya 1996. Fikirieni tuzo hiyo ilianza miaka ya 1930.

Nachotaka kusema ni kwamba mkisema tuenzi wakongwe, tuulize pia nani aliruhusiwa kukongweka. Kuna wanawake waliokuwa wanapanga ala kwa ajili ya watunzi wakubwa maisha yao yote, majina yao yapo kwenye karatasi za noti tu, hayapo kwenye bango. Kwa hiyo hilo la mleta uzi la kutunza makaratasi mimi nalikubali kwa mikono miwili, maana ushahidi wao upo humo tu.

#9 – Mleta uzi

Dada umenifungua macho upande ambao nilikuwa naupita haraka, na kwa kuwa umegusa makaratasi ngoja nieleze kwanini hilo linaniuma.

Studio ya MGM, ile yenye simba, ilikuwa na maktaba kubwa ya noti za okestra za filamu zake zote za muziki za miaka ya dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikatupwa. Haikuungua wala kuibiwa, ilitupwa jalalani kwa sababu ilikuwa inachukua nafasi. Miaka mingi baadae muongoza okestra wa Uingereza John Wilson akataka kuipiga ile miziki jukwaani, noti hamna, ikabidi akae na rekodi za zamani asikilize ala moja baada ya nyingine aandike upya kwa sikio, vayolini ya pili inafanya nini, filimbi imeingia wapi. 2009 akaipiga na okestra yake kwenye tamasha la Proms pale London na ukumbi ukalipuka. Mtu mmoja anarudisha kwa miaka kadhaa kile ambacho wengine walikimwaga kwa siku chache, na wale waliopanga hizo noti wengi wao hawakuwepo tena kuona.

Na hata majina yenyewe yalikuwa hayathaminiwi. Miaka ya mwanzo ya Oscar ya muziki tuzo ilikuwa haiendi kwa mtunzi, inaenda kwa mkuu wa idara ya muziki wa studio. Mtunzi Korngold aliandika muziki wa Anthony Adverse ya 1936, ikashinda, na sanamu akapokea Leo Forbstein ambaye ndiye alikuwa bosi wa idara. Utaratibu huo ulibadilishwa baadae, ila ule mtazamo wa kwamba muziki ni mali ya kiwanda na mtunzi ni mfanyakazi wa zamu haukuisha mara moja. Angalia Elmer Bernstein, yeye mwenyewe mkongwe, aliteuliwa kwa kazi za kila muongo kuanzia miaka ya 1950 mpaka Far from Heaven ya 2002 akiwa na miaka 80, miaka ya 1970 alitoa hela mfukoni kurekodi upya kazi za watunzi waliomtangulia kwa sababu studio hazikuona haja. Mtunzi anawaenzi watunzi kwa hela yake. Kwangu hiyo inaizidi sanamu yoyote.

#10 – Mdau

Hela! Hapo ndo pa kuongelea. Watu wanadhani hawa wazee kila filamu ikionyeshwa wanaingiziwa. Marekani tangu hukumu ya mahakama ya 1948 majumba ya sinema hayalipi mtunzi mrabaha wa muziki kupigwa ukumbini, wakati nchi nyingi za Ulaya zinalipa. Kwa hiyo mtunzi wa Hollywood anapata mrabaha filamu ikionyeshwa kwenye televisheni, na ikionyeshwa kumbi za nje, lakini nyumbani kwake ukumbini hapati. Na hakimiliki ya muziki mara nyingi inabaki kwa studio kwa mkataba. Ndo maana ukisikia mzee wa miaka 80 bado anazunguka kuongoza matamasha, upendo wa kazi upo sawa, ila tusisahau upande huo.

#11 – Mdau

Wakuu mbona mmebaki Hollywood na Ulaya. India kuna Ilaiyaraaja, kazaliwa 1943, filamu ya kwanza 1976, amepita filamu 1,000. Elfu! Alikuja kutoka kijijini akiimba kwenye kikundi cha kaka yake, akasoma muziki wa Kimagharibi akauchanganya na wa kwao mpaka huoni mshono. Serikali yao ilimpa Padma Vibhushan 2018, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia, na Machi 2025 akaenda London kupiga simfonia yake na Royal Philharmonic Orchestra akiwa na miaka 81. Hiyo ndo heshima anayoisema mleta uzi, mzee yupo palepale, kazi yake inapigwa.

Japan pia, mtunzi Joe Hisaishi na dairekta wa katuni Miyazaki tangu 1984 mpaka 2023 filamu zote ndefu za huyo dairekta muziki ni wake. 2008 walimfanyia tamasha kubwa ukumbi wa Budokan, Tokyo, la miaka 25 ya kufanya kazi pamoja, wapigaji na waimbaji zaidi ya 1,000 jukwaani na yeye mwenyewe anaongoza na kupiga piano. Na kabla yake Akira Ifukube wa Godzilla ya 1954, unajua ule mlio wa lile dude? Waliburuza glavu ya ngozi yenye utomvu wa msonobari kwenye nyuzi za besi kubwa iliyolegezwa. Watu wenye akili hao.

#12 – Mdau

Na Afrika je? Au sisi hatuna?

#13 – Mleta uzi

Tunao mkuu, tatizo tunawajua kwa jukwaa hatuwajui kwa filamu. Manu Dibango wa Kameruni, dunia inamjua kwa saksafoni, ila muziki wa filamu ya Ceddo ya dairekta Ousmane Sembène ya 1977 ni wake. Francis Bebey, mkameruni mwenzake, mwandishi na mpiga gitaa, ndiye wa Yaaba ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso ya 1989, kaandika kwa uchache sana, anakuachia nafasi ya kupumua. Mwaka uliofuata Ouédraogo akatoa Tilaï na hiyo muziki wake ni wa Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa ameshafanya Chocolat ya Claire Denis ya 1988.

Hawa hawakuwa na studio zenye okestra ya kukaa muda wote, kwa hiyo huwezi kuwapima kwa idadi ya filamu kama Morricone au Ilaiyaraaja, ni makosa. Wapimwe kwa kile walichokifanya wakiwa na wapigaji wachache na bajeti ndogo. Na wakitajwa kwenye kumbukumbu zao filamu inawekwa mstari wa mwisho au haiwekwi kabisa, Dibango alipofariki Machi 2020 nilisoma makala nyingi za kumuenzi na Ceddo niliikuta kwenye chache mno. Kama kuna mtu humu anaandaa matamasha ya filamu za Kiafrika, tafadhali onyesheni hizo filamu na okestra au bendi ikipiga muziki wake mbele ya skrini kama wanavyofanya kwa Star Wars, hakuna sababu yoyote ya kushindwa, Yaaba wala haihitaji watu wengi.

#14 – Mdau wa #4

Nimerudi. Mleta uzi na yule mpiga vayolini mmenibadilisha kiasi, la Ran nimeenda kuangalia ile sini na sina la kusema. Bado naona tuzo za heshima zinatolewa kwa watu wachache walewale ila hilo nadhani hata wewe unalikubali.

Swali, kwa mtu anayeanza kusikiliza hawa wazee kwa makini aanzie wapi? Nisipewe zile zinazojulikana na kila mtu.

#15 – Mdau (napiga vayolini)

Williams: acha Star Wars kwanza, msikilize kwenye Schindler's List ya 1993, vayolini ya Itzhak Perlman, afu urudi kwenye hiyo Star Wars ya 1977 uone ni mtu yuleyule. Morricone tafuta sauti ya Edda Dell'Orso, yule mama anaimba bila maneno na mzee anamtumia kama ala. Lalo Schifrin pia asisahaulike, mzaliwa wa Buenos Aires 1932, kila mtu anajua Mission: Impossible ya 1966 ila jaribu kuihesabu kwa mguu, itakukataa, maana ina mapigo matano sio manne. Naye walimpa Oscar ya heshima 2018 baada ya kuteuliwa mara kadhaa bila kushinda, akafariki Juni 2025 ana miaka 93.

#16 – Mleta uzi

Nakubaliana na zote za #15, naongeza mbili. Taxi Driver ya Herrmann, alimaliza kurekodi tarehe 23 Desemba 1975 na usiku wa kuamkia 24 akafariki usingizini, ana miaka 64, dairekta Scorsese akaiweka filamu wakfu kwake. Saksafoni ile isikilize ukijua hivyo.

Ya pili ni ile ya Alex North aliyoiandikia 2001, rekodi ya Goldsmith ya 1993. Isikilize kwanza bila picha, kisha ukiweza weka na sini zake uone. Ukimaliza rudi hapa utuambie kama Kubrick alikuwa sahihi kuitupa. Msimamo wangu ni kwamba filamu ilipata muziki ulioifaa, dairekta alikuwa na haki ya kuchagua, ila mzee alistahili kupigiwa simu akaambiwa kabla ya kwenda kukaa kwenye kile kiti.